Ronald Ngala: Mwalimu aliyepigania mfuko wa majimbo

JINA la Ronald Gideon Ngala hutajwa kila siku jijini Nairobi na watu ambao hawakumjua. Makanga hulitaja wanapowaita abiria, wachuuzi hulitaja wanapowaelekeza wateja, na wageni huliona kwenye kibao cha barabara yenye msongamano mkubwa katikati ya jiji.

Si wengi miongoni mwao wanaokumbuka kwamba mwenye jina hilo ndiye aliyeongoza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mvutano wa kwanza mkubwa nchini Kenya kuhusu namna mamlaka na fedha za taifa zinavyopaswa kugawanywa baina ya sehemu zake.

Mvutano huo haujaisha hadi leo. Kila mwaka Bunge la Taifa na Seneti hushindana kuhusu kiasi cha fedha kitakachokwenda kwa kaunti 47, na kila baada ya miaka mitano maseneta hukaa tena kubishana kuhusu kipimo cha kugawia fedha hizo.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kulitazama kutoka mahali palipo mbali na Nairobi. Sangailu ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, katika ukanda unaopakana na msitu wa Boni na usio mbali na mpaka wa Somalia. Wakazi wake wengi ni wafugaji. Mvua ikizidi, barabara za udongo hukatika. Ikikosekana, mifugo hufa.

Mahali kama hapo hapana viwanda, wala soko la kutoa ushuru wa kujengea zahanati au kuchimbia bwawa la maji. Kila shilingi ya umma inayofika Sangailu hutegemea uamuzi uliofanywa kwingine na watu ambao huenda hawatakanyaga ardhi yake. Ngala hakuwa mtu wa Garissa, lakini swali aliloliuliza maisha yake yote ya siasa ndilo swali la watu wa Sangailu: ni nani anayeshika mfuko, na anagawa kwa kipimo gani?

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika jamii ya Wagiriama, sehemu za Kilifi. Alikuwa miongoni mwa vijana wachache wa Pwani wa wakati huo waliobahatika kuingia Shule ya Upili ya Alliance, kisha akaenda Chuo cha Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu.

Aliporejea alifundisha Pwani, na akapanda ngazi hadi kuwa mwalimu mkuu. Kazi hiyo ilimpa sifa iliyomfuata hadi mwisho wa uhai wake: mtu mtulivu, asiyepayuka jukwaani, na anayependelea kujadiliana kuliko kutishana. Wapo waliouona utulivu huo kuwa hekima. Wapo pia waliouona kuwa udhaifu.

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanane tu, na Ngala alikuwa mmoja wao, akiwakilisha Pwani. Katika kundi hilo walikuwamo pia Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi.

Wenzake walimwamini. Mkutano wa kwanza wa katiba ulipofanyika katika Jumba la Lancaster, London, mwanzoni mwa 1960, Ngala ndiye aliyeuongoza ujumbe wa wabunge Waafrika, naye Mboya akawa katibu wake.

Miezi michache baadaye, Mei 1960, chama cha KANU kiliundwa huko Kiambu. Ngala hakuwapo, lakini alichaguliwa mweka hazina, na Moi akachaguliwa msaidizi wake. Wote wawili waliukataa wadhifa huo. Historia ina mzaha wake: mtu ambaye angetumia miaka iliyofuata kudai mfuko wa majimbo ndiye aliyepewa, kwa karatasi, mfuko wa chama ambacho kingekuja kuyavunja majimbo hayo.

Juni 25, 1960, viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na makabila makubwa walikutana Ngong, wakaunda KADU. Ngala akawa rais wake. Chama hicho kiliwaleta pamoja wanasiasa wa Pwani, wa jamii za wafugaji za Bonde la Ufa, na wa sehemu ya Magharibi.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. Hata hivyo, KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa huru. KADU ikakubali kuingia serikalini kwa kuungwa mkono na wanachama wengine wa Baraza, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapinzani wake hawakumsamehe kwa hilo. Walimwita kibaraka wa wakoloni, na ukweli kwamba baadhi ya walowezi walikipendelea chama chake uliwapa silaha.

Ilikuwa katika mwaka huo wa 1961 KADU ilipotangaza waziwazi mpango wake wa majimbo. Kenya ingegawanywa katika sehemu kadhaa, kila moja ikiwa na bunge lake, mamlaka juu ya ardhi, na sauti katika elimu, afya na usalama. Chama kilitafuta ushauri hata kutoka Uswisi, nchi ndogo iliyojengwa juu ya ushirika wa majimbo yenye lugha na dini tofauti.

Watu wengi hulikumbuka suala la ardhi pekee wanapoutaja mpango huo. Lakini Ngala na wenzake walijua kwamba bunge la jimbo lisilo na fedha ni kikao cha mazungumzo tu. Kwa hiyo walidai kwamba mapato ya majimbo yaandikwe ndani ya katiba, ili yasitegemee hisani ya waziri wa fedha aliye Nairobi.

Dai hilo halikuwa geni Afrika Mashariki. Mnamo 1961 Tume ya Raisman ilikuwa imechunguza jinsi Kenya, Uganda na Tanganyika zilivyonufaika na soko lao la pamoja, ikaona Kenya ilikuwa ikivuna zaidi kwa sababu viwanda vingi vilikuwa kwake. Tume ilipendekeza sehemu ya ushuru wa forodha na ya kodi ya makampuni iwekwe katika mfuko mmoja, nusu iendeshe huduma za pamoja, na nusu nyingine igawanywe sawa kwa nchi zote tatu.

Maana ya pendekezo hilo ilikuwa wazi. Fedha zinapokusanywa mahali penye bandari, viwanda na benki, haimaanishi kwamba utajiri wote umetoka hapo. Aliye mbali hununua bidhaa, hulipa ushuru ndani ya bei yake, na ana haki ya kurudishiwa kitu.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster, kuanzia Februari hadi Aprili 1962, Ngala aliongoza ujumbe wa KADU na kufanikiwa kupata sehemu kubwa ya alichokitaka. Iliundwa serikali ya mseto. Yeye akawa Waziri wa Nchi wa Masuala ya Katiba na Utawala, na Kenyatta akawa Waziri wa Nchi wa Masuala ya Katiba na Mipango ya Uchumi. Mmoja alipewa utawala, mwingine akapewa uchumi. Atakayeisoma historia ya miaka miwili iliyofuata ataona ni upi kati ya wadhifa hizo mbili uliokuwa na nguvu.

Katika mkutano huohuo walikuwapo wajumbe kutoka Wilaya ya Mpakani Kaskazini, eneo lililoihusisha Garissa. Wao hawakuomba jimbo ndani ya Kenya. Waliomba kujitenga na kuungana na Somalia. Tume ya watu wawili iliyotumwa mwaka huo kuchunguza maoni ya wenyeji ilikuta kwamba Wasomali wengi walilitaka jambo hilo.

Serikali ya Uingereza haikukubali. Machi 1963 ilitangaza badala yake kwamba kutakuwa na jimbo la saba, la Kaskazini Mashariki. Wasomali wengi waliliona tangazo hilo kuwa kitulizo kisichotibu, wakaususia uchaguzi wa Mei mwaka huo. Hivyo jimbo ambalo Sangailu ilikuwa ndani yake lilizaliwa likiwa na mipaka kwenye ramani, lakini bila wawakilishi wa kulisemea katika siku zilezile ambazo mafungu yalikuwa yakipangwa.

KANU ilishinda uchaguzi huo wa 1963. KADU ilishika mabunge ya majimbo ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi. Seneti yenye wajumbe 41, wakiwakilisha wilaya na Nairobi, iliwekwa kuwa ngao ya majimbo.

Uhuru ulipofika Desemba 12, 1963, katiba ya majimbo ilikuwa sheria. Katika ofisi za serikali, mambo yalikuwa mengine. Kodi kubwa zilikusanywa na serikali kuu au na shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Watumishi wa umma walimtazama bosi aliye Nairobi. Ukabidhi wa kazi na fedha kwa majimbo ulicheleweshwa, na wakuu wa majimbo wakajikuta wakibisha hodi kwa serikali ileile waliyotaka kujitegemea nayo.

Hoja za upande wa pili hazikuwa za kupuuzwa. KANU ilisema nchi changa na maskini haiwezi kulipia mabunge mengi, kwamba wataalamu waliosoma ni wachache mno kugawanywa, na kwamba majimbo yatachochea ukabila. Miaka ya 1990 ilionyesha kuwa hofu ya mwisho haikuwa ya bure, pale neno majimbo lilipotumiwa na wanasiasa kuhalalisha kufukuzwa kwa watu wa jamii nyingine katika Bonde la Ufa na huko Likoni mwaka 1997.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni lazima isemwe na yeyote anayemheshimu Ngala. Majimbo ambayo kila moja lingekula lilichokikusanya yangezifaa sehemu zenye bandari, mashamba ya chai na viwanda. Yangeiacha Kaskazini Mashariki na njaa yake. Jimbo la wafugaji lilihitaji vitu viwili kwa pamoja: uhuru wa kuamua, na fungu kutoka mfuko wa wote. Kimoja bila kingine kisingelisaidia.

Kaskazini Mashariki haikupata hata kimoja. Hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Kwa karibu miaka 30 serikali ilionekana huko zaidi kwa sura ya askari kuliko ya mwalimu, muuguzi au mhandisi wa maji.

Ngala naye alikuwa akiishiwa na watu. Mmoja baada ya mwingine, wabunge wa KADU walihamia upande wa serikali, ambako kulikuwa na vyeo na miradi kwa ajili ya maeneo yao. Agosti 1964 Kenyatta alitangaza nia ya kuifanya Kenya jamhuri na kubadilisha katiba.

Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni na kutangaza kuvunjwa kwa KADU. Alieleza kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya umoja wa taifa. Huenda aliamini hivyo. Ni kweli pia kwamba hakuwa na lingine la kufanya: kiongozi asiye na fungu la kuwagawia wafuasi wake hawezi kuwazuia kwa muda mrefu kumfuata aliye nalo. Kwa namna hiyo, Ngala alishindwa na kitu kilekile alichokuwa akikionya.

Desemba 12, 1964, Kenya ikawa jamhuri. Mamlaka na mapato ya majimbo yaliondolewa hatua kwa hatua katika marekebisho ya katiba yaliyofuatana. Majimbo yakawa mikoa, na mwishoni mwa 1966 Bunge likapitisha sheria ya kuiunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi.

Kati ya hatua hizo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliowasilishwa na wizara ya mipango chini ya Mboya. Waraka huo ulieleza, pamoja na mengine, kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapozalisha zaidi kwa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Faida yake ingetumiwa baadaye kuzisaidia sehemu nyingine.

Kwa hesabu za uchumi wa wakati ule, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa Sangailu ilikuwa hukumu. Mahali pasipo barabara hapangepata barabara kwa sababu hapana barabara. Neno baadaye halikuwekewa mwaka, na kizazi kizima kikazeeka kikilisubiri.

Ngala aliendelea na siasa ndani ya KANU. Mwaka 1966 alichaguliwa mmoja wa makamu wa rais wa chama, akiwakilisha Pwani, na akaingia katika baraza la mawaziri kama waziri wa vyama vya ushirika na huduma za jamii. Baadaye alipewa wizara ya kawi na mawasiliano.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Alijeruhiwa vibaya, na akafariki Desemba 25, siku ya Krismasi. Uchunguzi ulifanywa, lakini maswali kuhusu kifo hicho yamebaki midomoni mwa watu wa Pwani hadi leo.

Wazo lake lilirudi polepole, kwa mlango wa nyuma. Mnamo 2003 Bunge lilianzisha hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo ziligawanywa sawa kwa maeneobunge yote 210, na robo iliyobaki kwa kipimo cha umaskini. Kwa mara ya kwanza Ijara ilipata fungu lililoandikwa katika sheria, bila kujali mbunge wake ana urafiki na nani.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 203 iliagiza kaunti zipewe kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa. Tume ya Ugavi wa Mapato ikapewa kazi ya kupendekeza kipimo. Seneti ikafufuliwa.

Kipimo cha kwanza kilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, na 2 kwa uwajibikaji katika matumizi. Kwa Garissa, yenye zaidi ya kilomita mraba 44,000 na watu 841,353 kwa sensa ya 2019, kila mojawapo ya nambari hizo ina maana yake. Mgao sawa na umaskini huibeba. Wingi wa watu huzibeba kaunti nyingine.

Mwaka 2020 mabishano yalifikia kilele. Pendekezo la kipimo cha tatu lingezipunguzia fedha kaunti kadhaa, zikiwamo Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River. Waliolitetea walisema kila mtu mmoja astahili shilingi moja, popote aishipo. Waliolipinga walijibu kwamba shilingi ya kumfikia mtu mmoja kijijini Sangailu haiwezi kulinganishwa na ile ya kumfikia mtu aishiye kando ya lami.

Jibu hilo lina ushahidi wake. Mwishoni mwa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na Ijara, mafuriko yalikuwa yamezikata barabara, mifugo ilikufa na watu wakapoteza maisha. Kumfikia mgonjwa mmoja kulihitaji mafuta, magari, na wakati mwingine ndege. Hesabu ya vichwa vya watu haizioni gharama hizo.

Seneti ilikwama kikao baada ya kikao hadi Septemba 17, 2020. Suluhu ilipatikana pale serikali kuu ilipokubali kuongeza Sh53.5 bilioni katika mgao wa mwaka uliofuata, ili kaunti yoyote isipungukiwe. Katika siku hizo maseneta wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki waliketi upande mmoja. Ushirika ambao Ngala hakuuona mwaka 1963 ulifanyika miaka 48 baada ya kifo chake.

Ugatuzi haujaifanya Sangailu kuwa Nairobi. Fedha huchelewa, nyingine huliwa njiani, na makao makuu ya kaunti nayo yanaweza kugeuka kuwa Nairobi ndogo inayozisahau wadi za mbali. Ngala hakuacha jibu la tatizo hilo, kwani majimbo yake hayakuishi muda wa kutosha kulikabili.

Lakini aliacha onyo linalofaa kukumbukwa sasa. Hazina ya Usawazishaji iliwekewa maisha ya miaka 20, na muda wake utakwisha Agosti 2030 isipokuwa Bunge liurefushe. Fedha nyingi zilizopaswa kuingia katika hazina hiyo hazikuingia kwa wakati, na kesi mahakamani pamoja na mvutano baina ya serikali kuu na kaunti vilikula miaka ambayo ingechimba visima.

Haki ya Sangailu, kama ile ya majimbo ya 1963, ipo katika katiba. Kilichowashinda Ngala na wenzake hakikuwa ukosefu wa maandishi. Walikosa watu wa kutosha wa kusimama na maandishi hayo hadi fedha zilipwe. Wakati huu kuna kaunti 47 na Seneti yenye meno kiasi fulani. Swali ni kama watakaoketi humo mwaka 2030 watasimama, au watahama mmoja baada ya mwingine kuufuata mfuko.